Sapu, keri, disko na bumu: kila neno la chuo lina tarehe yake

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimechaguliwa kusoma shahada ya ualimu katika chuo kikuu hapa Tanzania, na kwetu mimi ndiye wa kwanza kufika huko. Nimeunganishwa kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi wa kozi hiyo, wakiwemo wa mwaka wa pili. Nilipopanda juu kusoma ujumbe wa zamani nikakuta CR ameandika hivi: "Pindi la DS saa 2 LT 3 halipo. TA anasema waliokosa testi 1 wamuone kabla ya Ijumaa, la sivyo watasoma I. Wenye bumu kasainini leo." Watu wote walijibu "sawa CR". Mimi sikuelewa hata nusu. Binamu yangu naye kila tukiongea ananiambia niogope sapu, keri na disko, lakini hanielezi ni vitu gani. Naomba unifafanulie. Na nikiuliza huko chuoni, sitaonekana mshamba?

Jibu: Marahaba mwanangu, na hongera. Nianze na hilo la mwisho. Waliojibu "sawa CR" wengi wao hawakuelewa pia. Nimekaa miaka mingi kwenye ofisi ya taaluma nikipokea wanafunzi wenye matatizo ya matokeo, na karibu kila aliyeketi mbele yangu akiwa na machozi alikuwa analijua neno lililompata. Alisema vizuri kabisa, "nimepata I". Alichokuwa hakijui ni kwamba nyuma ya neno hilo kuna fomu ya kujaza na siku ya mwisho ya kuirudisha, na siku hiyo imeshapita. Kwa hiyo nitakapokueleza neno, nitakuonyesha na tarehe yake. Tafadhali uyachukue pamoja.

Ujumbe wa CR kwanza. CR ni mwakilishi wa darasa, mwenzenu mliyemchagua, ndiye anayekwenda na kurudi kati yenu na walimu. Pindi ni kipindi cha mhadhara. LT ni ukumbi mkubwa wa mihadhara, na namba inayofuata ni ya ukumbi wenyewe. DS ni somo la taaluma za maendeleo, ambalo vyuo vingi hulifanya la lazima hata kwa wasiosomea mambo hayo. Usilidharau kwa sababu hiyo, maana nimeona watu wamefaulu masomo yao yote ya fani wakaangushwa na DS. TA ni mkufunzi msaidizi, mara nyingi ni kijana aliyemaliza shahada ya kwanza kwa alama nzuri chuo kikambakiza, na ndiye anayesimamia semina zenu na kusahihisha testi nyingi. Kwa hiyo ujumbe unasema: leo asubuhi hakuna mhadhara, aliyekosa jaribio la kwanza ana mpaka Ijumaa kulieleza, na wanaopata mkopo wakathibitishe fedha zao. I na bumu nitavirudia, kwa sababu ndivyo vyenye uzito.

Lakini kabla ya mambo ya darasani, kuna maneno mawili yanayofanana ambayo yanawagharimu wageni mapema kabisa: udahili na usajili. Wewe umedahiliwa. Chuo kimekukubali na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, imeridhia. Kama ulichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, ulitumiwa namba ya siri ya kuthibitisha chuo unachokwenda, na kama hujaithibitisha, acha kusoma hapa ukaifanye kwanza. Kusajiliwa ni jambo lingine. Unasajiliwa ukifika, ukaonyesha vyeti halisi, ukalipa ada au sehemu yake kwa kontrol namba uliyopewa, ukapata regi namba yako, yaani namba ya usajili. Kisha unaingia kwenye mfumo wa chuo, ambao vyuo vingine huuita ARIS, vingine SARIS, vingine vina jina lao, na humo unachagua kozi za semista hiyo moja moja. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Mtu anahudhuria, anafanya testi, anajua yumo, kumbe ile kozi hakuibofya kwenye mfumo. Alama zake hazina pa kuingizwa. Usajili hurudiwa kila mwaka, na kozi husajiliwa kila semista, na dirisha lake hufungwa ndani ya wiki chache za mwanzo. Ukishabofya, piga picha ya ukurasa huo uiweke.

Wakati wa kuchagua utakutana na kozi za lazima na za hiari. Kila kozi ina namba yenye herufi za idara na tarakimu, na tarakimu ya kwanza kwa kawaida huonyesha mwaka, kwa hiyo yenye 100 na kidogo ni ya mwaka wa kwanza. Kila kozi pia ina krediti. Krediti moja, kwa utaratibu wa TCU, ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na hizo zinajumlisha mihadhara, semina, kusoma peke yako na mitihani. Shahada ya miaka mitatu inahitaji krediti 360, yaani 120 kwa mwaka. Kumbuka krediti, tutazihitaji kwenye hesabu.

Sasa CA na UE. CA ni alama unazokusanya ndani ya semista: testi, kazi za nyumbani, kazi za kikundi, uwasilishaji kwenye semina. UE ni mtihani wa chuo wa mwisho wa semista. Mgawanyo unaoukuta sehemu nyingi ni CA 40 na UE 60. Vijana wanaitazama hiyo 60 wakadhani ndiyo yote, wakazichezea testi. Lakini vyuo kadhaa vina kiwango cha chini cha CA, mathalani 16 kati ya 40, ambacho usipokifikisha huruhusiwi hata kuingia kwenye UE. Mahudhurio nayo yana kiwango chake, mara nyingi asilimia 75. Alama za CA hubandikwa kabla ya mitihani ili mzikague. Hapo una siku chache tu za kusema "testi yangu ya pili haimo". Nenda na karatasi yako iliyosahihishwa mkononi, kwa hiyo usitupe karatasi yoyote ya testi mpaka matokeo ya mwaka yatoke.

Haya, maneno ya binamu yako.

Sapu ni mtihani wa marudio. Umeshindwa kozi kwenye UE, unapewa nafasi ya pili, kwa kawaida kabla mwaka mpya wa masomo haujaanza, wakati wenzako wako likizo. Kwa kawaida hata ukipata 80 kwenye sapu, kinachoandikwa ni C. Kwa hiyo sapu inakuokoa usirudie kozi, ila haikurudishii wastani wako. Tarehe ya kuiweka akilini ni ya ratiba ya sapu. Hutolewa mara matokeo yakitoka, na kuna watu wamekwenda kijijini kusaidia shamba, simu haina mtandao, wakarudi sapu imepita.

Keri ni kozi unayoibeba kwenda mwaka unaofuata baada ya sapu nayo kukushinda. Wastani wako bado unakuruhusu kuendelea, lakini ile kozi utaisoma upya na walio nyuma yako, CA na UE. Maumivu yake ni ya ratiba: pindi la keri linagongana na pindi la mwaka wako, na mwili wako ni mmoja. Mwenye keri awahi kwa mratibu wa ratiba wiki ya kwanza, kabla vikundi vya semina havijapangwa.

Disko ni kuondolewa masomoni. Watu husema "amedisko". Njia za kufika huko ni kadhaa. Wastani kushuka chini ya kiwango cha chuo, kushindwa keri, kukamatwa na karatasi kwenye mtihani, na ile ambayo ningependa kukaa nayo kidogo: kukosa UE bila ruhusa. Hiyo kwenye kanuni huhesabiwa kuwa umetoroka mtihani, na adhabu yake katika vyuo vingi ni nzito kuliko ya aliyeingia akapata sifuri.

Nilikuwa na binti mmoja kwenye chuo nilichofanyia kazi wakati huo. Asubuhi ya mtihani alishindwa kuinuka, malaria imempanda. Mwenzake wa chumbani alikimbia kumnunulia dawa, akameza, akalala siku tatu, akapona, akaendelea na mitihani iliyobaki akiamini kwamba ule mmoja ataueleza baadaye. "Baadaye" yake ilikuwa siku matokeo yalipotoka. Alikuja ofisini na pakiti tupu ya vidonge kwenye mfuko wa plastiki. Pakiti ile naikumbuka mpaka leo, kwa sababu ilikuwa kweli, aliumwa kweli, na haikuwa ushahidi wa kitu chochote. Hakukuwa na cheti cha daktari, hakukuwa na barua, wala mwalimu aliyeambiwa siku ile. Kikao kilimwondoa. Kama mwenzake yule angepita zahanati ya chuo akamwita mhudumu, au angempeleka kwa bodaboda akaandikiwa karatasi, binti yule angepata spesho.

Spesho ndilo neno ambalo binamu yako hakukutajia, na laiti angeanza nalo. Ni mtihani wa aliyekosa UE kwa sababu iliyokubaliwa: ugonjwa, msiba wa karibu, kujifungua. Hufanyika mara nyingi siku zilezile za sapu na karatasi inaweza kuwa ileile, ndiyo maana watu wanavichanganya. Lakini aliye kwenye spesho anahesabiwa kama anafanya kwa mara ya kwanza, akipata A inaandikwa A. Kinachotenganisha spesho na disko ni ushahidi tu. Ukiugua siku ya mtihani, mwanangu, fanya mambo mawili siku hiyohiyo: uonwe na daktari kwenye kituo kinachotambulika upate karatasi, na taarifa ifike kwa mkuu wa idara kwa maandishi, hata kama ni CR anayeipeleka. Ukianza kuumwa ukiwa ndani ya chumba cha mtihani, mwambie msimamizi aandike. Usitoke kimyakimya.

I, ile ya kwenye ujumbe, maana yake matokeo yako hayajakamilika. Kuna kipande kinakosekana, labda testi, labda ripoti. Ni herufi ya kusubiri, ina muda wake, na muda ukiisha bila kujazwa inageuka kufeli. Ndiyo maana TA alisema kabla ya Ijumaa.

Kuna pia kuahirisha masomo, wenyewe wanasema kuposponi. Mambo ya nyumbani yakikulemea, au afya, au ada, una haki ya kuomba kusimama kwa semista au mwaka na kurudi ulipoachia. Lakini inaombwa kwa barua, kabla ya mitihani, na unasubiri ujibiwe kwa maandishi. Anayeondoka tu na begi lake hajaposponi, ameacha chuo.

Matokeo yakibandikwa mara ya kwanza huwa ni ya awali, mpaka seneti ya chuo iyapitishe. Ukiona umeonewa, ipo rufaa. Ina ada yake na siku zake chache za kuiwasilisha, zinazohesabiwa tangu matokeo yatangazwe, si tangu ulipoyaona.

Twende kwenye GPA, wastani wa alama zako. Herufi hugeuzwa pointi: A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1 na E ni 0. Kila pointi huzidishwa kwa krediti za kozi, unajumlisha, unagawanya kwa jumla ya krediti. Chukua semista ya kozi nne, mbili za krediti 12 na mbili za krediti 8. Umepata A na B+ kwenye zile kubwa, B na C kwenye ndogo. Hesabu ni 60 na 48 na 24 na 16, jumla 148. Gawanya kwa 40, unapata 3.7. Sasa badilisha A na C tu: C iangukie kozi ya krediti 12, A iende kwenye ya 8. Inakuwa 24 na 48 na 24 na 40, jumla 136, ukigawanya ni 3.4. Herufi ni zilezile nne. Lakini 3.5 hadi 4.3 ni daraja la pili la juu, na 2.7 hadi 3.4 ni daraja la pili la chini, na kuna matangazo ya kazi na nafasi za shahada ya pili zinazokata watu hapohapo kwenye 3.5. Daraja la kwanza huanzia 4.4, na kufaulu kwa kawaida ni 2.0 hadi 2.6. Usitegemee kusukumwa juu pia, maana vyuo vingi hukata tarakimu baada ya ile ya kwanza, 3.49 inabaki 3.4. Na GPA ya mwisho hukusanya miaka yote. Wapo wanaoambiana kwamba mwaka wa kwanza ni wa kuzoea mazingira. Krediti 120 za mwaka huo zina uzito uleule wa zile za mwaka wa mwisho.

Angalizo dogo: alama zinazozaa herufi hizo hazilingani kila mahali. Kuna chuo 40 ni C na chuo 40 ni kufeli. Ukipewa kitabu cha kanuni wiki ya kupokelewa, tafuta ukurasa huo kwanza.

Kwa kuwa unasomea ualimu utasikia TP, mafunzo ya kufundisha kwa vitendo shuleni. Wenzako wa fani nyingine wataita PT au fildi. Ina alama, ina msimamizi anayekuja kukukagua, na ina kitabu cha kumbukumbu unachojaza kila siku.

Kuhusu watu, vyeo vinachanganya. Mkuu wa Chuo si anayekiendesha. Ni mtu wa heshima unayemwona kwenye mahafali akitunuku shahada. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, ni Rais mstaafu Jakaya Kikwete. Anayeendesha ni Makamu Mkuu wa Chuo, VC, akisaidiwa na manaibu. Wewe hutawahitaji hao mara nyingi. Utakaowahitaji ni mkuu wa idara, mshauri wa wanafunzi kwa mambo ya malazi, afya na matatizo binafsi, na afisa mikopo. Serikali ya wanafunzi nayo ina jina lake kila chuo, DARUSO ni ya Dar es Salaam, UDOSO ya Dodoma, na mwavuli wao wa kitaifa ni TAHLISO.

Maneno ya vijana wenyewe utayaokota bila mwalimu. Madesa ni nakala na dondoo za kusomea, ila kudesa ni kunakili kwa mwenzako, basi sikiliza vizuri unaalikwa kwenye lipi. Pepa ni mtihani. Kupiga msuli ni kusoma kwa bidii, na zimamoto ni kusoma usiku wa kuamkia pepa. Kubebana ni kumlaza mwenzako asiye na chumba kwenye kitanda chako. Hufanywa kwa huruma na ninaielewa huruma hiyo, lakini ni kosa kwa sheria za hosteli, na anayepoteza chumba ni mwenye chumba.

Nimeliacha bumu mwisho kwa sababu najua ndilo linalokukosesha usingizi. Bumu ni fedha ya kujikimu unayopewa mkononi kutoka kwenye mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004. Mkopo una vipande: ada inakwenda chuoni moja kwa moja, huioni. Chakula na malazi huhesabiwa kwa siku, vitabu vina fungu lake, mafunzo kwa vitendo lake. Kusaini ni kuthibitisha kwamba upo, umesajiliwa, na fedha ni zako. Usiposaini kwa wakati, fedha inaweza kurudishwa Bodi, na kuidai upya ni safari. Mwaka unaofuata chuo hupeleka matokeo yako kwanza, kwa hiyo sapu ikichelewa, bumu nalo huchelewa. Na ni deni. Ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara hukatwa kila mwezi mpaka liishe, na aliyedisko analipa pia.

Sasa, je, linatoka wiki ya kwanza? Usilitegemee. Linatoka baada ya kusajiliwa, na orodha hukaguliwa kabla ya kulipwa. Waombe wazazi wakuandalie hela ya kula ya wiki tatu au nne, hata kwa kukopeshana na shangazi. Halafu leo hii toa cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, kitambulisho cha NIDA kama unacho na kadi ya benki, uvipange mezani usome jina lako herufi kwa herufi. Malipo mengi niliyoyaona yakikwama yalikwamia hapo, jina lina "u" mwisho kwenye benki na halina kwenye cheti, au jina la babu limerukwa. Tawi la benki la karibu na kwenu linaweza kulirekebisha asubuhi moja. Ukishapanda basi kwenda chuo, itakuwa shida kubwa zaidi.